Pwani si Kenya: hoja ilikuwa ardhi

Ndugu yangu, umesema "Pwani si Kenya", kauli ya Mombasa Republican Council (MRC), kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, ilikuwa chuki ya dini tu. Sikubaliani nawe. MRC walishika mikataba: ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakaukodi 1895, na Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana uingie Kenya. MRC wakauliza, mwenyeji alishirikishwa lini?

Ila kilichowaletea wafuasi ni ardhi. Mzee kazaliwa chini ya mnazi alioupanda babu yake, leo anaitwa skwota, mkaaji asiye na haki ya ardhi, kwa kuwa hati iko kwa mtu asiyemjua hata sura. Chanzo kikubwa ni sheria ya hati ya 1908, iliyotaka ardhi idaiwe na kusajiliwa, na isiyodaiwa ikawa ya serikali. Kujitenga sikuungi mkono, lakini uchungu ule ni wa haki kabisa.