Vidonge vya tezi ya shingo, mihogo na unga wa mwani

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Njombe. Mwaka jana niligundulika kwamba tezi yangu ya thairoidi inazalisha homoni kidogo, na tangu hapo ninameza levothairoksini kila asubuhi, ila vipimo bado havijakaa sawa. Jirani ananisihi niache kabichi na mihogo, na kuna muuzaji wa unga wa mwani anayedai kwamba nikiutumia nitaachana na vidonge. Nifuate lipi?

JIBU: Mama, kabla ya kabichi na mwani, ningependa kwanza kujua kidonge hicho unakimeza na nini. Wagonjwa wengi hukimeza kwa chai ya maziwa, au mara baada ya uji wa lishe uliotiwa soya, na hapo dawa hupungua nguvu, kwa sababu kalsiamu ya maziwa na soya huzuia levothairoksini isifyonzwe ipasavyo utumboni; kahawa nayo ina tabia hiyo hiyo. Kimeze kwa maji matupu kabla hujala chochote, usubiri dakika 30 hadi 60, ndipo upate kifungua kinywa. Ikiwa unatumia vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu, vitenganishe na dawa hii kwa saa 4. Ukishaushika utaratibu huo, kipimo cha TSH, yaani homoni ya ubongo inayoiamuru tezi kufanya kazi, kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, kwani kiwango chake hubadilika polepole.

Kuhusu mihogo, jirani yako hakosei kabisa. Mihogo, hasa ile michungu, ina sumu ya sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, na hii huyazuia madini joto yasiingie katika tezi. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti waliona kwamba sehemu zenye upungufu uleule wa madini joto zilitofautiana sana kwa wingi wa rovu, na tofauti hiyo ikahusishwa na ulaji wa mihogo. Jambo la kuzingatia ni kwamba madhara hayo huonekana pale ambapo mihogo isiyoandaliwa vizuri ndiyo chakula kikuu na madini joto ni haba. Mihogo iliyomenywa, ikalowekwa na kuanikwa au kupikwa vizuri, pamoja na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa, haina sababu ya kuondoka mezani pako. Kabichi iliyopikwa, kwa kiasi cha kawaida cha mboga, haina neno.

Madini joto yenyewe ndiyo malighafi ya homoni za tezi, na mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nyanda za juu kusini zilijulikana kwa rovu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, kwa kuwa udongo wa huko una madini hayo kwa uchache. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo hutoa kiasi hicho katika gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ambacho pia ndicho kikomo cha chumvi kwa siku; kwa hiyo huna haja ya kuongeza chumvi, ila uihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Samaki, mayai na maini huongeza seleniamu na chuma, ambazo tezi pia huzitumia.

Unga wa mwani ndio unaonitia wasiwasi. Kiasi cha madini joto katika mwani hutofautiana mno, na mara nyingi ugonjwa wako husababishwa na kinga ya mwili kuishambulia tezi, hali ambayo madini joto yakizidi huweza kuizidisha. Tezi iliyoharibiwa namna hiyo haiponywi kwa kuongezewa malighafi, kwa hiyo usiache vidonge. Ikiwa umeshaanza kuutumia unga huo, usitishe, na umweleze daktari wako kabla hajasoma majibu ya TSH.