Vibonzo vya enzi za taharuki ya fedha: majibu kwa wasomaji

Kwa nini Benki Kuu ya Uingereza huitwa bibi kizee?

Jina "Bibi Kizee wa Mtaa wa Threadneedle", yaani mtaa wa London ilipo benki hiyo, lilishika kwa sababu ya kibonzo cha James Gillray cha Mei 1797. Februari mwaka ule wanajeshi wa Ufaransa walitua karibu na Fishguard, Wales. Walijisalimisha upesi, lakini wasiwasi ulikuwa umeshaenea. Watu walimiminika benki na noti zao wakidai dhahabu, na serikali ikaamuru benki isitoe. Hali ikawa hivyo mpaka 1821.

Gillray akamchora bibi aliyevaa gauni la noti za pauni moja moja, amekalia sanduku lenye kufuli. Waziri Mkuu William Pitt, mwembamba kama ufito, anajifanya kumbusu. Usiutazame uso wake, tazama mkono: umezama mfukoni mwa bibi, unachota sarafu.

Kuna kibonzo kilichowahi kubadilisha sheria?

Watu humtaja George Cruikshank na kazi yake ya 1819. Noti ndogo zilizoenea baada ya amri ile ya 1797 zilikuwa rahisi kughushi, na maskini aliyekutwa akinunua kitu kwa noti bandia aliweza kunyongwa. Cruikshank akachora noti ya dhihaka. Penye mapambo aliweka safu ya watu waliotundikwa, wanaume kwa wanawake. Alama ya pauni ni kamba iliyosokotwa. Sahihi ni ya Jack Ketch, jina walilomwita kila mnyongaji. William Hone aliichapisha, na watu wakajazana dukani kwake kuinunua.

Uzeeni Cruikshank alidai kuwa noti yake ndiyo iliyokomesha vitanzi vile. Alizidisha, kwa kuwa mtu wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kosa la kughushi alinyongwa 1829. Hata hivyo kazi yake naiheshimu sana. Wenzake walichora mawaziri; yeye aliwachora waliolipa kwa shingo zao.

Katika kibonzo cha Marekani cha 1837, kofia na miwani iliyo angani ni ya nani?

Ya Andrew Jackson, rais aliyekuwa ametoka tu madarakani. Mchoraji, Edward Clay, anamtwisha lawama za taharuki ya fedha ya mwaka ule, kwa amri yake ya 1836 kwamba ardhi ya serikali ilipiwe dhahabu au fedha, si noti. Lakini Clay alikuwa mpinzani wake, na bei ya pamba iliyoporomoka, ambayo nayo ilichangia, haimo kwenye mchoro.

Wewe binafsi kipi kinakugusa zaidi?

Cha John McCutcheon, kilichotoka katika gazeti la Chicago Tribune mwaka 1931 na kushinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwanamume amekaa peke yake kwenye benchi la bustani, amefilisika kwa sababu benki yake imeanguka. Kindi, mnyama anayejulikana kwa kujiwekea akiba ya chakula, anamuuliza kwa nini hakuweka akiba mambo yalipokuwa mazuri. Anajibu: "Niliweka."

Nimekitazama mara nyingi, na bado kinanikaba koo. Mwaka ule benki zaidi ya 2,000 zilifunga milango Marekani, na sheria ya taifa zima ya kuwalinda wenye amana ilikuja 1933. Yule bwana wa kwenye benchi ilimkuta ameshapoteza kila kitu.