Tiketi yako iko mikononi mwa nani?

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la kukatia tiketi, ndiyo maana barua zinazohusu safari huwa naziweka juu ya rundo. Zifuatazo nimezifupisha, na majina ya waliouliza nimeyaacha.

Asubuhi niliona nauli, jioni nikaikuta imepanda. Mwenzangu anasema tovuti imenikariri, nifute kuki, yaani zile kumbukumbu ambazo tovuti huziacha kwenye kifaa changu. Ni kweli?

Futa ukitaka, haidhuru. Ila sidhani kama kuki ndizo zilizokupandishia. Viti vya daraja moja, hata vikifanana mpaka kitambaa, haviuzwi bei moja. Shirika la ndege huvigawa katika mafungu, kila fungu na herufi yake na masharti yake. Fungu la bei ya chini likiisha, linauzwa linalofuata. Aliyekupandishia bei huenda ni abiria mwenzako aliyelipa saa sita mchana.

Hapo kuna kamtego ambako wengi hawakajui. Fungu la bei ya chini likibakiwa na kiti kimoja nawe ukatafuta viti viwili, mara nyingi mfumo utawapa nyote wawili bei ya fungu la juu. Kwa hiyo tafuta kwanza kama mtu mmoja. Bei ikishuka ghafla, kata tiketi mbili mbalimbali, mradi mmekubaliana kwamba safari ikibadilika mtahangaika kila mtu na tiketi yake.

Wasiwasi wako hauko hewani tu, lakini. Mwezi Julai 2025 shirika la Delta la Marekani lilisema linakusudia akili mnemba isaidie kupanga asilimia 20 ya nauli zake za ndani ya nchi kufikia mwisho wa mwaka huo. Maseneta wakaja juu, Delta ikajibu kwamba haipangi bei kwa kuangalia taarifa binafsi za abiria. Mimi ningependa jibu hilo liwe sheria, lisibaki kuwa ahadi.

Nauli ninayoiona kwenye tovuti ya shirika, wakala wangu anasema kwake haipo. Ananidanganya?

Pengine hadanganyi kabisa, na hapa niruhusu nirefushe.

Mfumo wa kukatia nafasi ambao mawakala wameutegemea miaka yote ni mkongwe kuliko wengi wetu. Sabre, mmoja wa mifumo ya aina hiyo, ilizaliwa kutokana na ushirikiano wa American Airlines na IBM, ikaanza kazi miaka ya 1960, na mwaka 1976 ikaingia kwenye ofisi za mawakala. Amadeus, mwingine wa aina hiyo, ilianzishwa mwaka 1987 na Air France, Lufthansa, Iberia na SAS. Nilipoajiriwa, siku ya kwanza nilikalishwa mbele ya kioo kisicho na picha wala kitufe, nikaambiwa niandike AN12JUNLHRJFK. Maana yake: nionyeshe nafasi za tarehe 12 Juni, kutoka uwanja wa Heathrow wa London kwenda JFK wa New York. Zikashuka safu za herufi na tarakimu: Y9, B9, M4, K0. Zile ndizo mafungu niliyoyataja hapo juu, pamoja na idadi ya viti vinavyoweza kuuzwa. K0 maana yake ya bei nafuu imekwisha, pole kwa mteja. Tisa maana yake tisa au zaidi, kwa sababu mfumo hauonyeshi zaidi ya tarakimu moja.

Mfumo ule una kasi ajabu, lakini ulijengwa kuuza kiti. Sasa mashirika yanataka kuuza kiti pamoja na begi, mlo, intaneti ya angani na nafasi ya kunyoosha miguu, tena kwa bei inayobadilika kila dakika. Isitoshe, kila nafasi inayopitia huko shirika hulipia ada. Ndipo mwaka 2012 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ikaleta NDC: utaratibu mpya unaoliwezesha shirika kupanga lenyewe ofa na kuituma moja kwa moja kwa muuzaji.

Kuanzia hapo ikawa vuta nikuvute. Septemba 2015 Lufthansa ilianza kutoza euro 16 kwa kila tiketi inayopitia mifumo ya zamani. Mwaka 2023 American Airlines iliondoa sehemu ya nauli zake huko ili kuwasukuma mawakala wahamie NDC. Wateja wa makampuni wakahamia kwa washindani, na Mei 2024 shirika likarudi nyuma na mkuu wake wa biashara akaondoka.

Kwa hiyo muulize wakala wako swali moja tu: "Nauli za NDC za shirika hili unazipata?" Akisema hapana, nunua kwenye tovuti ya shirika. Akisema ndiyo, muulize pia kama anaweza kubadilisha tarehe mwenyewe baada ya kukata, maana hapo ndipo NDC imekuwa ikiwatoa mawakala jasho. Kuuza ni rahisi, kazi iko kwenye kurekebisha.

Nimepata safari ya ndege mbili kwa nusu ya bei, imeandikwa kwamba kuunganisha ni jukumu langu. Kuna ubaya?

Ubaya utaujua ndege ya kwanza ikichelewa. Tovuti inayouza hivyo imechukua tiketi mbili za mashirika yasiyojuana ikazionyesha kama safari moja. Yaliwahi kunikuta: nilitua nimechelewa saa mbili, nikakimbia mpaka kaunta ya shirika la pili, yule dada akaangalia kompyuta yake akaniambia kwa upole, "Kwetu wewe ni abiria ambaye hakutokea." Nikanunua tiketi upya, na bei ya siku hiyohiyo siitaji.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Kwanza mzigo. Mara nyingi utalazimika kuuchukua na kuukabidhi upya, yaani kuingia nchini, na nchi hiyo inaweza kudai viza. Pili, masharti ya ile inayoitwa dhamana ya tovuti, kama ipo, na isome mpaka mwisho.

Baada ya kulipa tafuta namba ya tiketi. Ule msimbo wa herufi na tarakimu sita ni kumbukumbu ya nafasi tu. Tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinalitambulisha shirika lililoitoa. Ukiona tatu za mwanzo zinatofautiana, ujue una tiketi mbili. Na kama umepewa msimbo bila namba ya tiketi mpaka kesho yake, piga simu.

Naweza kuiachia akili mnemba inipangie safari na kunilipia kabisa?

Kupanga, iachie. Ni nzuri kwa kulinganisha njia na kukukumbusha usichokifikiria. Kulipa, bado napenda mkono uwe wako. Mashine hizi hujibu kwa uhakika uleule zikijua na zisipojua, na jina lililogeuzwa likawa tofauti na la pasipoti linaweza kukugharimu siku ya safari.

Kuna kesi unayopaswa kuijua. Roboti ya maongezi kwenye tovuti ya Air Canada ilimweleza abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba punguzo la msiba baada ya kukata tiketi. Kanuni za shirika zilikataa hivyo. Shirika likajitetea kwa hoja kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa matendo yake! Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe dola 650.88 za Kanada, pamoja na riba na gharama. Aliponea kwa picha ya skrini aliyokuwa ameihifadhi. Lakini ile ilikuwa roboti ya shirika lenyewe. Ukitumia msaidizi wa kampuni nyingine kabisa, shirika halijakuahidi lolote.

Nina vyumba vichache vya wageni. Majukwaa ya mtandaoni ya kukatia vyumba yanakata asilimia 15 au zaidi. Nijitoe?

Usijitoe. Wageni wengi wanakuona kule kwanza, kisha wanakutafuta kwa jina. Wakikutafuta wakute tovuti yako yenye kitufe cha kulipia, pamoja na programu inayounganisha kalenda zako zote ili chumba kisiuzwe mara mbili. Soma mkataba uone kama unakukataza kuuza kwa bei ya chini kwenye tovuti yako. Ufaransa ilipiga marufuku masharti hayo kwa hoteli mwaka 2015, na Booking.com iliyaondoa katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya mwaka 2024. Kwingineko inategemea ulichosaini.

Kuna shida nikiweka picha ya boding pasi mtandaoni?

Ipo. Machi 2020 Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani wa Australia, aliweka yake Instagram. Kijana mmoja mjuzi wa kompyuta akachukua msimbo wa nafasi na jina la ukoo, akaingia kwenye tovuti ya shirika, akachungulia nyuma ya ukurasa na kukuta namba ya pasipoti na ya simu. Bahati nzuri alikuwa mtu mwema, akatoa taarifa kwa wahusika. Abbott mwenyewe baadaye alimpigia simu, akamuuliza mtu afanyeje akitaka kujifunza mambo ya kompyuta.