Shule yetu ilianza lini hasa: 1911, 1912 au 1977?

SWALI: Tunatengeneza kibao cha kutundika langoni kabla ya sikukuu ya Don Bosco, padri Mwitaliano aliyeanzisha shirika la watawa Wasalesiani, tarehe 31 Januari. Wazee wanasema shule ya ufundi ya Wasalesiani hapa Lubumbashi ilianza 1911, wengine 1912, na karatasi za prefe (mkuu wa shule) zinaanzia 1977. Tuandike upi? Tena, kwa nini shule za namna hii zilianza na viatu na nguo, si mashine?
Mwanafunzi wa zamani, komini ya Kamalondo

JIBU: Ndugu, miaka yote mitatu ni ya kweli, ila kila mmoja unahesabu kitu chake. Tarehe 10 Novemba 1911 Wasalesiani sita, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, Mbelgiji, walifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mji ulikuwa mchanga. Reli kutoka kusini ilikuwa imeufikia mwaka mmoja tu kabla. Siku hiyo hakuna mtoto aliyeshika randa. Masomo yalifunguliwa 1912. Basi 1911 ni ya wamisionari, 1912 ni ya shule.

Na 1977? Rais Mobutu alitaifisha shule za dini mwaka 1974. Zikarudi mikononi mwa makanisa kwa Mkataba wa 26 Februari 1977, ndio uliozaa jina la shule za "conventionnées", yaani za mkataba. Huo ni mwaka wa ofisi. Msiuchonge kwenye shaba.

Lakini angalieni: kama nyumba yenu ilizaliwa baadaye, msiazime 1912 ya jirani. Mwombeni mkuu wa jumuiya kroniki ya nyumba, yaani kitabu cha matukio yake, kisha mfungue rejista ya kwanza ya wanafunzi. Jina la kwanza mle lina uzito kuliko picha ya askofu akibariki jengo, kwa sababu mara nyingi jengo hubarikiwa watoto wakiwa wameshasoma miezi kadhaa.

Kuhusu viatu, turudi Torino, Italia, kwa Don Bosco mwenyewe. Mwanzoni Don Bosco aliwapeleka vijana kwa mafundi wa mjini, kwa mkataba ulioandikwa. Ule wa Februari 1852, wa mwanafunzi wa useremala, unamkataza fundi kumtumia kijana kwa kazi zisizo za ufundi wake, unamtaka amrekebishe kwa maneno, si kwa kipigo, na unapanga ujira wake wa kila siku. (Wangapi kati ya wanaopeleka wanafunzi stazhi (mazoezi ya kazi) leo wana karatasi kama hiyo?) Ila mikataba haikuzuia tabia mbaya ambazo vijana waliziokota mjini. Ndipo 1853 akaweka viti viwili vya washona viatu kwenye ujia mwembamba, karibu na mnara wa kengele, na washonaji nguo mwaka huohuo. Kiatu kinataka msumari, uzi, nyundo na ngozi, na mnunuzi wa kwanza ni nyumba yenyewe. Useremala ulifuata 1856. Matbaa, yaani karakana ya kuchapa vitabu, ilisubiri hadi 1862: hiyo inadai chumba chake, herufi za risasi, fundi wa kudumu na kibali cha serikali.