Nukuu ya Agano la Kale isipolingana na chanzo chake

Fungua Waebrania 10:5 kwenye Union Version: "mwili uliniwekea tayari." Kisha nenda Zaburi 40:6, inakonukuliwa: "masikio yangu umeyazibua." Wanaoanza somo hili hukimbilia kusema mwandishi kapotosha andiko. Ngoja kwanza. Alikuwa akinukuu Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ambayo kazi yake ilianza Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo.

Ukienda kuhakiki, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni namba: katika Septuaginta, Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa, hivyo zaburi ya 40 ni ya 39, na kwa kuwa kichwa cha zaburi huhesabiwa kama mstari, mstari wetu wa 6 ni wa 7. Wa pili unawanasa hata wenye Kigiriki kizuri. Toleo la Septuaginta la mhariri Rahlfs, la 1935, limechapa "masikio", ilhali nakala kongwe za Vaticanus, Sinaiticus na Alexandrinus zina "mwili". Rahlfs aliona kwamba "mwili" uliingia humo kutoka Waebrania, na wengine wanampinga. Basi usiishie kwenye matini. Shuka hadi maelezo ya nakala chini ya ukurasa, hoja yote imelala huko.

Ila usigeuze Septuaginta kuwa jibu la kila kitu. Mathayo 2:15 ananukuu Hosea 11:1, "mwanangu", kama Kiebrania kisemavyo. Septuaginta ina "watoto wake", na kwa maneno hayo hoja ya Mathayo isingesimama. Kagua nukuu moja moja, hata ndani ya kitabu kimoja.

Marko 1:2-3 anamtaja Isaya, lakini maneno ya kwanza yanafanana zaidi na Malaki 3:1. Kuunganisha maandiko hivyo kulikuwa desturi. Baadhi ya wanakili waliona shida wakaandika "katika manabii".

Kwenye daftari piga safu nne: maneno ya mwandishi, Septuaginta, Kiebrania, na sura nzima ya chanzo. Safu ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoonyesha mwandishi aliona nini pale.

Utakapofika Waraka wa Barnaba, andiko la Wakristo wa kale lisilomo katika Biblia, sura ya 9, utakuta watumishi 318 wa Abrahamu (Mwanzo 14:14) wakisomwa kama Yesu na msalaba: iota ni 10, eta ni 8, herufi mbili za kwanza za jina lake, tau, yenye umbo la msalaba, ni 300. Hesabu hiyo ni ya herufi za Kigiriki tu, kwa hiyo safu ya Kiebrania hapo iache tupu.