Maswali ya Wakimbiaji: Mbona picha za mbio nakuwa kama naumwa?

SWALI: Dada shikamoo. Mie niko Chumbageni hapa Tanga, nakimbia na wenzangu wa joging na mbio za kilomita 10 sikosi. Shida yangu ni picha. Wenzangu wanatoka vizuri wanaweka stetasi, mie nikitafuta zangu nakuta mdomo wazi, macho nimefumba, mashavu yameshuka, mpaka mume wangu akaniuliza siku ile ulikuwa unaumwa? Nifanyeje, halafu navaa ushungi. — Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, ila sura yako haina tatizo lolote. Kamera ya mbio inafunguka kwa muda kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, sasa ikikudaka pale mguu unapokita chini ndo hapo kila kitu kinashuka, mashavu, mabega, paja linatikisika, na hata mabingwa wako hivyohivyo. Ile picha ya mtu anaonekana anaelea ni kitambo kidogo tu baadaye, ameshasukuma ardhi na miguu yote miwili iko hewani. Huwezi kumchagulia mpiga picha amdake nani saa ngapi, lakini yeye anabonyeza nyingi mfululizo, kwa hiyo kazi yako ni akuone mapema na akuone muda mrefu.

Basi mtafute wewe kwanza. Mara nyingi anachuchumaa kwenye kona au karibu na mwisho, na kama njia imepita Raskazone atapenda pale bahari inapoonekana nyuma yenu. Ukimwona tu, toka nyuma ya watu, maana wengi tunajificha mgongoni mwa mtu bila kujua halafu tunalalamika picha hatuna. Angalia mbele mita kumi na tano hivi, usiangalie raba zako, shusha mabega, legeza taya, midomo iachane kidogo tu upumue. Usiongeze mbio ghafla kwa ajili ya kamera jamani, ndo unakunja uso na kukaza shingo! Kama una nguvu tabasamu, Kipchoge yule bingwa wa marathoni wa Kenya anatabasamu akiwa kilomita za mwisho kabisa na anasema kunamsaidia kulegea, sasa wewe wa kilomita 10 unashindwaje.

Ushungi chagua mwepesi, mfupi, uchomekee ndani ya tisheti au uubane kwa pini usipepee ukakuziba uso. Namba yako ya mbio ishushe usawa wa tumbo, chini ya ncha ya ushungi, pini nne, moja kila kona, kwa sababu picha nyingi siku hizi zinatafutwa kwa namba, ikifunikwa hata nusu picha yako ipo lakini huioni ng'o. Wanja na poda acha nyumbani mwaya, kwa unyevu huu wa Tanga saa moja na nusu asubuhi vyote viko shingoni. Rangi ya kijivu pia sikushauri, jasho linachora ramani nzima, vaa rangi kali au nyeusi, kitambaa chepesi cha michezo, siyo pamba. Ukivaa kapelo nyanyua ukingo wake kidogo ukimkaribia mpiga picha, jua likishapanda unatia kivuli machoni.

Na mwisho wa mbio ndo tunapoharibu kabisa! Mtu anafika kwenye mstari anainama kubonyeza saa, picha yote ni utosi na kiwiko. Acha saa iendelee, muda wako waandaaji wanao. Vuka kifua mbele, macho juu, endelea hatua kadhaa ndo ushike saa. Mwangalieni Simbu wetu kwenye mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025, kamaliza marathoni kwa saa 2:09:48, sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, kamzidi sekunde 0.03 tu, ikabidi picha ya mstarini ndo iamue, na kwenye mstari kinachohesabiwa ni kifua, siyo kichwa wala mguu. Angekuwa anahangaika na saa ya mkononi dhahabu ingeenda Ujerumani.

SWALI: Mie mwanaume, niko Bagamoyo. Nilimaliza kilomita 21 nikafurahi sana, picha zilipokuja tisheti yangu nyeupe ina mistari miwili ya damu kifuani. Naona aibu kuziweka popote. Ni ugonjwa?

JIBU: Siyo ugonjwa kaka yangu, ni chuchu zimesuguliwa na tisheti iliyolowa, na pamba ikilowa chumvi ya jasho ndo inakwaruza zaidi, wanaume wengi wa mbio ndefu yanawakuta. Bandika plasta kabla hujavaa, kifua kikiwa kikavu, ukishaanza kutoka jasho haishiki tena. Kama huna, paka mafuta ya mgando mengi, na mengine kwapani na katikati ya mapaja. Nyeupe iache kwa mbio fupi. Kidonda kisipofunga baada ya siku kadhaa au kikitoa majimaji bila kukimbia, hapo nenda hospitali.