Mume anabisha, au anaona kitu usichokiona?

"Shangazi, mimi na mume wangu tumenuniana kwa sababu ya rangi ya sebule. Mimi nataka nyeupe yenye umanjano kidogo, yeye anang'ang'ania ile yenye ujivu. Ukiziweka pamoja huoni tofauti, ila hataki kunisikiliza. Najua anaiga sebule ya mama yake. Na wala hashindi nyumbani, anaondoka alfajiri anarudi taa zimewashwa. Nifanyeje?"

Pole, mwanangu. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe umevuta sana. Kama tofauti haionekani, umenuna nini? Na mama mkwe ameingiaje hapa? Barua nzima sijaona aliposema hata neno moja.

Jibu umeliandika mwenyewe: anarudi taa zimewashwa. Balbu ya mwanga wa njano, ile iliyoandikwa 2700K kwenye boksi, huzidisha umanjano ukutani. Rangi unayoiona laini mchana, yeye usiku anaikuta njano tupu. Ile yake nayo, siku ya mawingu, wewe unaiona imepooza. Kila mmoja anasema kweli ya saa yake. Umewahi kumuuliza anaona nini? Hukuandika, nami nadhani hukumuuliza.

Ndoa za siku hizi! Mume akikaa kimya, hajali. Akitoa wazo, katumwa na mama yake. Sasa afanye lipi?

Tupa hicho kikadi cha dukani cha kuchagulia rangi, ni kidogo mno. Tafuta mbao mbili pana, kila moja ipake rangi yake mara mbili, uziache zikauke kabisa, maana rangi ya maji mbichi si ile utakayoishi nayo. Zisimamishe ukutani moja moja, na karatasi nyeupe kando yake. Hapo ndipo umanjano na ujivu hujitokeza. Zitazameni asubuhi, alasiri na usiku. Nimesema zitazameni, wawili.

Kama sebuleni mnakutana usiku tu, mimi nampa mumeo ushindi. Ukiona ujivu haukukai moyoni, jaribu kwanza kubadilisha balbu, ni kazi ndogo kuliko kupaka ukuta upya. Hiyo ya kwako kapake chumba unachoshinda mchana, wala usiombe ruhusa ya mtu.